Mwanafunzi Anavyojiona Darasani: Mwongozo kwa Walimu wa Migori na Homa Bay

Katikati ya mwaka 2025, wanafunzi wa Gredi ya 9 kote nchini Kenya walitakiwa kuchagua njia watakayofuata katika sekondari ya juu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambayo wengi huiita STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Walichagua miezi kadhaa kabla ya kufanya tathmini ya KJSEA, iliyokuwa inafanywa kwa mara ya kwanza. Mtoto wa miaka 14 au 15 katika shule ya kutwa ya Nyatike au Ndhiwa hakuwa na matokeo ya kumwongoza. Alikuwa na ushauri wa nyumbani, neno la mwalimu, na jinsi alivyojiona: "Mimi Hisabati siiwezi," au "Mimi ni wa sayansi." Januari 2026 kundi hilo liliingia Gredi ya 10, na kwa wengi njia waliyoishika ilitokana na hukumu waliyojitolea wenyewe.

Wataalamu wa saikolojia ya elimu huiita hukumu hiyo taswira ya nafsi kitaaluma, yaani picha aliyonayo mwanafunzi kuhusu uwezo wake wa kujifunza. Mwongozo huu unawalenga walimu wa madarasa na wa masomo, wakuu wa idara na wasimamizi wa shule katika kaunti za Migori na Homa Bay. Msingi wake ni kwamba mwanafunzi hajengi taswira njema kwa kuhimizwa ajiamini. Huijenga kwa kuona ushahidi wa kazi yake mwenyewe, na kwa kupimwa kwa kipimo cha haki. Ushahidi na kipimo vyote viko mikononi mwa mwalimu kila siku ya masomo. Kwa hiyo taswira hiyo ni sehemu ya kazi ya kufundisha, na haifai kuachiwa idara ya ushauri nasaha peke yake.

Kinachojengwa ni nini

Mwaka 1976, Richard Shavelson na wenzake walieleza kwamba taswira ya nafsi ina matawi. Mwanafunzi ana picha ya jumla kujihusu, na chini yake ana picha tofauti kwa kila somo. Msichana wa Mbita anaweza kujiona hodari wa Kiswahili, wa wastani katika Historia na asiyefaa kabisa katika Fizikia, yote kwa wakati mmoja. Mwalimu wa Fizikia anayemwambia "wewe ni mwerevu" hajaligusa tawi linalougua. Linahitaji tendo lililo ndani ya Fizikia yenyewe: saketi aliyoiunga kwa mikono yake ikawaka, au hesabu ya kasi aliyoitatua bila msaada.

Lazima pia taswira hii itenganishwe na hali ya kujipenda au kujithamini kwa jumla. Mwaka 2003, Roy Baumeister na wenzake walichambua tafiti nyingi na kuonyesha kwamba juhudi za kuwapandishia vijana hali ya kujithamini, bila zaidi, hazikuthibitika kuinua alama zao. Kwa upande mwingine, kazi ya Herbert Marsh na wenzake kwa miongo kadhaa imeonyesha kwamba picha ya mwanafunzi kuhusu somo fulani na ufanisi wake katika somo hilo huathiriana: kufaulu hujenga picha, na picha hiyo humpa nguvu ya kujaribu kazi inayofuata. Hotuba za motisha zinazotolewa siku chache kabla ya KCSE, pengine na mgeni aliyelipwa, hazigusi upande wowote kati ya hizi mbili. Muda na fedha za shughuli hizo zingefaa zaidi katika vipindi vya kurekebisha makosa ya somo moja baada ya jingine.

Kipimo anachojipimia

Hakuna mwanafunzi anayejua uwezo wake bila kujilinganisha. Swali ni anajilinganisha na nani. Mwaka 1984, Marsh na John Parker walichapisha utafiti ulioeleza jambo ambalo walimu wengi walikuwa wakiliona bila kulitaja: wanafunzi wawili wenye uwezo sawa hujiona tofauti wakiwekwa katika shule tofauti. Aliye katika shule ya wanafunzi hodari hujiona wa chini kuliko mwenzake aliye katika shule ya kawaida, ingawa alama zao za mtihani wa nje zinalingana.

Katika kaunti hizi mbili hali hiyo hutokea kila mwaka. Shule kubwa za bweni, kama Kanga iliyo Rongo, Agoro Sare iliyo Oyugis au Asumbi Girls, hupokea watoto waliokuwa wa kwanza walikotoka. Mvulana aliyeongoza shule yake ya kijijini kwa miaka mingi hufanya mtihani wa kwanza wa muhula na kujikuta nambari 140 kati ya wanafunzi 300. Hajapoteza chochote alichokijua, ila kipimo kimebadilika na hakuna aliyemwonya. Baadhi ya wanafunzi huanza hapo kuacha kuuliza maswali, wengine huanza kunakili, na wengine huomba uhamisho wakidai chakula au baridi.

Shule inayochukua wanafunzi wa aina hiyo inawiwa mambo mawili. Kwanza, katika wiki ya kuwakaribisha wageni, waelezwe waziwazi kwamba nafasi zao zitashuka na sababu yake waijue kabla haijawatokea. Pili, matokeo ya muhula wa kwanza yatolewe bila nafasi ya darasa. Kila mwanafunzi apewe alama zake, pamoja na maelezo ya mada alizozimudu na ambazo bado hajazimudu. Nafasi, ikiwa shule inaona ina faida, ije baadaye, mwanafunzi akishakuwa na historia yake mwenyewe ya kujilinganisha nayo. Daftari dogo ambamo mwanafunzi anajiandikia alama zake za kila zoezi katika somo moja, kuanzia Januari hadi Novemba, ni chombo cha bei nafuu kinachofanya kazi kubwa kuliko orodha inayobandikwa ukutani.

Suala la mikondo linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ushahidi wake hauelekei upande mmoja tu. Kuanzia mwaka 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya jaribio katika shule za msingi 121 za magharibi mwa Kenya. Katika baadhi ya shule, darasa la kwanza liligawanywa mikondo miwili kufuatana na alama za awali, na walimu wakapangiwa mikondo kwa bahati nasibu. Wanafunzi wa mkondo wa juu walifaidika, na wa mkondo wa chini pia. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu aliyepewa kundi lenye uwezo unaokaribiana aliweza kufundisha kwa kiwango chao badala ya kuwafuata wachache walio mbele.

Wasimamizi wengine wanautumia ushahidi wa namna hiyo kuhalalisha jambo jingine kabisa: mkondo wa "wanaofaa" unaopewa mwalimu bora, vitabu vya kwanza na maabara asubuhi, na mkondo wa "wengine" unaopewa kinachobaki. Jaribio hilo haliungi mkono mgawanyo huo, maana walimu hawakugawanywa kwa upendeleo. Palipo na haja ya kugawanya, ugawaji ufanywe kwa somo na kwa mada, udumu wiki chache, kisha upangwe upya, ili mwanafunzi aliye katika kundi la kurudia sehemu za desimali asijione amekuwa mwanachama wa kudumu wa kundi la chini. Na mwalimu mwenye uzoefu mkubwa ndiye anayefaa kupewa kundi linalohangaika.

Kuna ulinganisho mwingine, wa ndani, ambao haujapewa uzito unaostahili katika kuwashauri wanafunzi kuhusu njia za masomo. Marsh alionyesha mwaka 1986 kwamba mwanafunzi hulinganisha pia masomo yake yenyewe kwa yenyewe. Msichana anayefanya vizuri sana katika Kiingereza na vizuri tu katika Hisabati huishia kujisemea kwamba Hisabati si yake, hata kama anawashinda wavulana wengi wanaojiita watu wa STEM. Mwalimu anayetoa ushauri wa Gredi ya 9 aweke mezani kazi halisi za mwanafunzi katika kila somo, na kiwango kinachohitajika kuingia katika kila njia, kabla ya kumwuliza anapenda nini. Bila hatua hiyo, swali la kupenda hujibiwa na ulinganisho huo wa ndani, na wasichana ndio wanaopoteza zaidi.

Ushahidi wa kufaulu, na jinsi unavyopangwa

Albert Bandura, katika kazi yake ya mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kutenda na kufaulu, kuwaona wengine wakifaulu, kushawishiwa kwa maneno, na hali ya mwili na hisia wakati wa kazi. Chanzo cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote, lakini shule nyingi hutegemea cha tatu.

Kupanga kufaulu si kurahisisha kazi. Mwanafunzi hutambua haraka swali alilopewa ili apate tu, nalo humfunza kwamba mwalimu hamtarajii kufika mbali. Kazi ipangwe kwa hatua, kila hatua ikidai kidogo zaidi ya iliyotangulia, na ya mwisho ifikie kiwango kamili cha mtaala. Katika Awendo, somo la uwiano na asilimia linaweza kuanzia kwenye uzito wa miwa iliyofikishwa kiwandani na makato ya mkulima, kisha liende kwenye maswali ya kitabu. Katika Mfangano au Karungu, mgawo wa mapato ya samaki kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi ni hesabu ambayo watoto wengi wanaijua kabla ya kuiona ubaoni. Mwanafunzi anayegundua kwamba tayari anafanya uwiano huanza somo akiwa na kitu mkononi. Hata hivyo mifano ya mazingira ni daraja tu. Somo lisiishie ufuoni. Swali la mtihani wa taifa halitamwuliza kuhusu omena peke yake.

Jinsi kazi inavyosahihishwa ndiyo sehemu inayostahili kuangaliwa kwa muda mrefu. Ukurasa wa daftari uliojaa alama nyekundu za kukosa, na chini yake "4/20, Jitahidi," haumwambii mwanafunzi lolote analoweza kulifanya kesho. John Hattie na Helen Timperley walieleza mwaka 2007 kwamba maoni yenye manufaa hujibu maswali matatu: mwanafunzi anaelekea wapi, amefika wapi, na hatua inayofuata ni ipi. Kwa insha, maoni ya aina hiyo yangesomeka hivi: "Hoja zimepangwa vizuri hadi aya ya tatu. Aya ya nne inarudia hoja ya pili. Iandikwe upya kwa mfano mpya na iletwe Alhamisi." Mwanafunzi aliyepata 8 kati ya 20 lakini akapewa maneno hayo ana kazi ya kufanya, na akiifanya atakuwa na aya mbili za kulinganisha, zote zikiwa za mkono wake.

Pingamizi la kwanza litakuwa idadi, na ni pingamizi la haki. Mwalimu mwenye madarasa matano ya wanafunzi sitini hawezi kuandika maoni marefu katika madaftari mia tatu. Zipo njia tatu zinazopunguza mzigo bila kuacha wajibu. Zoezi moja lisahihishwe kwa kipengele kimoja tu, kwa mfano mpangilio wa hoja wiki hii na tahajia wiki ijayo, na wanafunzi waambiwe mapema. Madaftari kumi yachaguliwe kila siku kwa maoni kamili, kwa zamu, ili kila mwanafunzi afikiwe katika muda unaojulikana. Na makosa yaliyojirudia kwa wengi yafundishwe darasa zima, bila jina la mtu, kisha kila mmoja atafute kosa hilo katika kazi yake na kulirekebisha mwenyewe.

Sifa nazo zina kanuni. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na kazi ngumu na kushindwa, walikata tamaa haraka kuliko waliosifiwa kwa bidii. Funzo hilo limeenea, na wakati mwingine limeenea vibaya. Kumsifu kwa bidii mwanafunzi aliyekesha akikariri madokezo asiyoyaelewa ni kumfungia katika njia isiyomfikisha. Sifa ielekezwe kwenye mbinu iliyofaa, na mbinu isiyofaa itajwe kwa heshima na kubadilishwa.

Mifano ya watu wengine husaidia zaidi kadiri mtu huyo anavyofanana na mwanafunzi. Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga, alikatiza masomo ya sekondari kwa kukosa karo, akasomea ukaguzi wa afya Nairobi, na baadaye akafika Chuo cha Ruskin kilichoko Oxford, Uingereza. Historia hiyo inastahili kufundishwa. Lakini kwa mtoto aliyepata alama 27 katika Kemia, mfano unaomgusa zaidi ni mwanafunzi wa darasa la juu yake, wa kata yake, aliyekuwa na alama kama hizo mwaka uliopita na anayeweza kumwonyesha daftari na kumweleza alichobadilisha. Idara ya kila somo iwe na orodha ya wanafunzi wa namna hiyo, na iwape nafasi ya kuzungumza na wadogo wao kila muhula.

Lugha na aibu

Watoto wa kaunti hizi huingia shuleni na Dholuo, Igikuria au Olusuba. Sera ya elimu inatambua lugha ya eneo katika madarasa ya chini, kisha Kiingereza huchukua nafasi katika Gredi ya 4. Mtoto wa Kehancha aliyekuwa akijibu kila swali katika Gredi ya 3 anaweza kunyamaza mwaka unaofuata. Mwalimu mpya humwona mzito wa kuelewa, na mtoto naye huanza kukubali. Mara nyingi kilichopungua ni maneno. Uelewa uko palepale.

Katika madarasa ya mpito, wanafunzi waruhusiwe kujadili swali wawili wawili kwa lugha wanayoimudu kabla ya kutoa jibu kwa Kiingereza au Kiswahili. Katika kusahihisha Sayansi au Jamii, kosa la lugha litengwe na kosa la maarifa, na alama ya maarifa isikatwe kwa sababu ya sarufi. Mahali ambapo bado kuna kibao au kijiti kinachopitishwa mkononi kwa aliyekutwa akizungumza lugha ya nyumbani, desturi hiyo ikomeshwe leo. Inamfunza mtoto kwamba sauti ya mama yake ni hatia.

Vilevile matamshi. Mzungumzaji wa Dholuo anayesema "samba" kwa "shamba", au wa Igikuria anayechanganya "l" na "r", anafuata mfumo wa sauti wa lugha yake ya kwanza. Ni suala la kufundisha fonetiki kwa mazoezi mafupi ya kila siku. Mwalimu anayecheka, au anayewaacha wengine wacheke, hatasikia tena sauti ya mwanafunzi huyo katika kipindi cha kusoma kwa sauti, na hapo hatakuwa na njia ya kujua kama amejifunza.

Wajibu wa kisheria

Heshima ya mwanafunzi darasani si hisani. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kinamlinda dhidi ya ukatili, adhabu zisizo za kibinadamu na kazi za hatari. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ilikwenda mbali zaidi: inakataza kumtendea mwanafunzi kwa njia ya kikatili au ya kumdhalilisha, iwe ya kimwili au ya kisaikolojia, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya 2022 inaimarisha ulinzi huo, na kanuni za maadili za Tume ya Huduma za Walimu zinambana kila mwalimu aliyesajiliwa.

Kumsimamisha mwanafunzi mbele ya gwaride kwa sababu ya alama zake, kusoma matokeo kuanzia wa mwisho huku wengine wakizomea, au kumpa jina la kejeli, ni matendo yanayoweza kuingia moja kwa moja katika katazo la kudhalilisha. Mtaala wa Umilisi nao umeleta hatari mpya. Viwango vyake, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali na matarajio, vinaeleza kazi ya mwanafunzi katika mada fulani kwa wakati fulani. Ni rahisi herufi za kiwango hicho kugeuka jina la mtoto katika ofisi ya walimu, na kutoka hapo zikafika darasani. Mtaala huohuo unataja kujiamini katika kutenda kuwa mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi, kwa hiyo mwalimu anayemwita mtoto kwa kiwango chake anapingana na kile anachotakiwa kukikuza.

Alama ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na data ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Orodha ya darasa zima yenye majina na alama, ikitumwa katika kundi la WhatsApp la wazazi, inaiweka shule katika hatari ya aina hiyo. Matokeo yatumwe kwa kila mzazi peke yake, au achukue ripoti mkononi.

Wanaorejea na wanaokosa

Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 23 katika Homa Bay na asilimia 23 katika Migori walikuwa wamewahi kushika mimba, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 15. Mwongozo wa kitaifa wa kuwarejesha wanafunzi shuleni, uliotolewa mwaka 2020, unampa mama mchanga haki ya kurudi darasani. Kurudi si mwisho wa suala. Msichana anayerudi huwa ameachwa na mada kadhaa, na kila anapokosa jibu huweza kusoma katika nyuso za wenzake kwamba nafasi yake ni nyumbani. Kabla hajaingia darasani, kila mwalimu wa somo aandae orodha ya mada alizokosa na zoezi moja fupi kwa kila mada. Mtihani wake wa kwanza usihesabiwe katika wastani wa darasa. Hali yake isizungumzwe hadharani, hata kwa nia ya kumpongeza.

Hali inayokaribiana na hiyo inawapata wavulana wanaokwenda migodi ya dhahabu ya Macalder au fuo za Ziwa Viktoria, na wasichana wa Kuria wanaoambiwa baada ya ukeketaji wa likizo kwamba sasa ni watu wazima. Wote wanarudi kutoka mahali ambapo wamehesabiwa kuwa wakubwa. Mwalimu akiwapokea kwa dhihaka, mgodi na ndoa vinabaki kuwa mahali pekee wanapoheshimiwa. Mahudhurio yafuatiliwe kwa jina, na mwanafunzi asiyekuwepo siku tatu mfululizo aulizwe nyumbani kupitia mzee wa mtaa au mwakilishi wa wazazi. Akirudi, swali la kwanza liwe amefikia wapi katika masomo, na mahojiano ya nidhamu yafanyike baadaye, faraghani.

Matarajio ya mwalimu

Mwaka 1968, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walidai kwamba matarajio ya walimu yalipandisha alama za watoto waliochaguliwa kiholela. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba athari hiyo ni ndogo kuliko ilivyotangazwa, lakini njia zake zinaonekana katika darasa lolote: nani huulizwa, nani husubiriwa, nani hupewa swali la pili baada ya kukosa la kwanza. Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi husubiri sekunde moja tu au pungufu baada ya kuuliza, na kwamba kusubiri sekunde tatu huongeza urefu wa majibu na idadi ya wanaojibu.

Hili linaweza kuchunguzwa bila gharama. Mwanafunzi-mwalimu aliyeletwa kwa mazoezi kutoka chuo cha walimu cha Asumbi au cha Migori, au kutoka Chuo Kikuu cha Rongo, aombwe kukaa nyuma kwa vipindi vitatu na ramani ya viti, akiweka alama kwa kila aliyeulizwa. Ramani hiyo ibaki kati yake na mwalimu wa somo. Ikipelekwa ofisini kama ushahidi wa tathmini ya utendakazi, hakuna atakayekubali kuchunguzwa tena.

Wazazi wahusishwe kwa namna hiyohiyo ya ushahidi. Siku ya kujadili masomo, mzazi aonyeshwe kazi mbili za mtoto wake, ya mwanzo wa muhula na ya mwisho, na mtoto mwenyewe aeleze tofauti. Mzazi asiyesoma ataelewa maelezo hayo kuliko wastani wa alama, na hatakuwa na sababu ya kumlinganisha na mtoto wa jirani njia nzima ya kurudi nyumbani.

Upo mpaka ambao mwalimu wa somo hapaswi kuuvuka. Mwanafunzi aliyejitenga ghafla, anayeacha kula, anayezungumza kuhusu kujidhuru, au ambaye alama zake zimeporomoka katika masomo yote kwa wakati mmoja, hahitaji mazoezi zaidi ya Hisabati. Apelekwe kwa mwalimu mshauri siku hiyohiyo, na mkuu wa shule ajulishwe. Pakiwa na dalili ya dhuluma, afisa wa watoto wa kaunti ndogo apewe taarifa. Simu ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116, na nambari hiyo ibandikwe mahali ambapo wanafunzi wanaweza kuisoma bila kuonekana wakiisoma.